Bangili ya Reli ya Mezani

Mwanangu Mwanasiti,

Barua hufunguliwa kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa baada ya adhuhuri kwenda Kikoneni kumuaga bibi yako, na ulikuwa mzima wa kutosha kunigombeza kwa kifungo cha shati kilichokatika. Mimi nami sijambo. Nimeketi kwenye meza yetu ya reli ndogo ya kuchezea, karatasi nimeilaza juu ya mto wa kuchorwa kwa kuwa ndipo penye nafasi, na kila nikisogeza mkono naangusha mnazi. Ukirudi jioni ukaikuta minazi imelala chali, usidhani ni kimbunga. Ni babako alikuwa akiandika.

Mambo ya nini ule, nani usimfungulie mlango, na nguo ipi uiweke kwa Ijumaa, mama yako ameyasema tangu juzi na ataendelea kuyasema mpaka kivuko cha Likoni. Sina la kuongeza hapo, na hata ningekuwa nalo nisingepata nafasi. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi ulimwambia mama yako kwamba unafikiri kuiahirisha safari hadi mwakani. Ukamwambia, "Nikienda, Baba atabaki na nani mezani?" Naye akaniambia, maana mama yako siri humkaa kama maji kwenye ungo. Mwanangu, umepata nafasi ya kujifunza kuchora ramani Nairobi. Hapa Ramisi hakuna mtoto aliyewahi hata kuiota nafasi hiyo, wa kiume wala wa kike. Nawe wataka kuiacha kwa ajili ya reli ya mabati na mwavuli mbovu. Ningekucheka, lakini najua si reli inayokushika. Ni mimi, kwa sababu nilinuna.

Nilinuna, naam. Tangu habari ya chuo ifike sijakupa hongera hata moja. Nilikuwa nikirudi kazini, naitika shikamoo yako, naingia humu chumbani na kusukumasukuma mabehewa bila sababu. Mtu mzima na ndevu zake, kanuna kama mtoto aliyenyimwa kaimati. Basi pokea leo: hongera, mwanangu. Hongera sana. Nimefurahi mpaka nimemwambia muuza samaki, ambaye hakuniuliza. Na nimehuzunika pia, sitakuficha. Yote mawili yamo ndani yangu kwa pamoja na wala hayagombani.

Sasa nisikilize habari ya hii meza ilikoanzia. Waijua kama alivyosimulia dereva mwenzangu Mutua, na Mutua hutia chumvi mpaka mchuzi ukawa bahari.

Reli yetu ya miwa, ile ya kweli, ni njia moja tu kutoka kiwanda cha sukari hadi shambani. Magari mawili hayapishani humo. Ndiyo maana pana ile pete ya chuma, kubwa kama ya kuvalia begani, na ipo moja peke yake. Dereva asiye na pete mkononi haondoki stesheni hata kama mbingu zinaanguka, kwa sababu kama pete hana yeye, basi yuko mwenzake anayo, naye huenda yuko njiani anakuja. Mwenye pete ndiye mwenye njia. Hii ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa dereva, na ndiyo niliyoivunja siku uliyozaliwa.

Nilikuwa stesheni ya Shamba, gari limejaa miwa, akaja kibarua mbio kuniambia uchungu umemshika mke wangu. Pete ilikuwa kiwandani. Nikajiambia, saa hizi hakuna gari linalotoka huko, na mtoto wa kwanza hangojewi. Nikafungua mvuke nikaondoka. Nilipofika kwenye pinda kabla ya daraja nikaona moshi mwingine juu ya miwa, nao unakuja. Sijapata kuvuta breki namna ile tena. Tulisimama pua kwa pua. Ungeweza kuweka sinia juu ya injini zetu mbili ukala.

Aliyekuwa mbele yangu ni Mutua, Mkamba aliyetoka bara, huyu mwenye shamba lake Shimba Hills siku hizi, na wakati ule hata mwezi hajamaliza kazini. Akateremka polepole, akainua pete mbele ya uso wangu.

"Hamisi, hii ni nini?"

"Ni pete."

"Iko kwa mkono ya nani?"

"Yako."

"Basi rudisha gari yako nyuma, na usiniongeleshe."

Nikarudi kinyumenyume njia nzima, vibarua wamesimama kwenye miwa wananitazama. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekwisha kuzaliwa, umekoshwa na umelala. Bibi yako alinipokea mlangoni akasema, "Mwenzio kafika kabla yako, na hakuvunja sheria ya mtu." Mpaka leo akinikumbusha hucheka mwenyewe mpaka akashika ukuta.

Wakaniondoa kwenye injini, nikapewa kopo la mafuta nizunguke uani nikilainisha magurudumu. Niliona haya kwenda hata barazani. Mutua ndiye aliyekuja hapa nyumbani, hakusalimu sana, akaniwekea mapajani saa mbovu ya mezani. Akasema, "Chukua, tengeneza gari yako. Hii hautagonga mtu nayo." Nilitaka kumrushia. Lakini usiku ule ule, sijui niseme nini, nikaifungua saa kuona ndani mna nini.

Basi ndivyo ilivyoanza. Mlango wa zamani wa jiko ukawa ardhi. Mbavu za mwavuli zikawa reli, njiti za viberiti zikawa mataruma, kopo la maziwa likawa injini. Kamani ya saa nikaifunga moja kwa moja kwenye magurudumu, nikajaza ufunguo mpaka mwisho. Mama yako alikuwa amekaa hapo chini anakuna nazi. Nikaachia. Injini ile haikwenda, iliruka. Ilipita stesheni ya Shamba, ikapita ukingo wa dunia, ikaingia kwenye bakuli la tui. Mama yako akaitazama ikizama. Akaniambia, "Baba Siti, hili nalo limeondoka bila pete?"

Nilichojifunza siku ile ni kwamba gari la miwa halikimbii, hutembea. Nikayarudisha magurudumu yote ya meno ya ile saa, yale niliyoyaona ya upuuzi, na injini ikaanza kwenda mwendo wa mtu aliyeshiba. Ikipanda tuta unaiona inajitahidi. Ikifika stesheni inasimama kwa heshima zake. Nikaona nimemaliza, nina reli kamili.

Wewe ndiye uliyeniambia sina kitu. Ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele, umesimama juu ya kigoda, ukatazama gari likizunguka juu ya mbao tupu. Ukauliza, "Baba, hili gari laenda kwa nani?"

Nikakujibu laenda Kiwandani.

"Kiwandani kuna nani?"

Kwa miaka kadhaa tuligombana juu ya hilo, na ugomvi wetu ule ndio raha kubwa niliyopata katika maisha yangu, nakuambia kweli. Mimi nikitaka reli zinyooke, wewe wataka mgomba. Mimi nikipima pinda, wewe wauliza kuku watavuka wapi. Ulileta udongo mwekundu wa Kikoneni na mchanga mweupe wa Msambweni, ukanikataza kuuchanganya kwa sababu huko nje haujichanganyi. Miwa yetu ilikuwa vijiti vilivyopakwa rangi, na ilikuwa inachekesha. Ukachukua miyaa ya kijani iliyombakia bibi yako akisuka mkeka, ukaichana nyembamba kama uzi, ukaipanda kitita kwa kitita. Mutua alipoiona aliinama akaigusa, akasema, "Hii iko tayari kukatwa." Hiyo ndiyo shahada yako ya kwanza, na waliokupa nafasi Nairobi wamechelewa tu.

Kisha yakaja yale ya kaya. Nayataja ili usije ukasimuliwa na wengine ukadhani ulikuwa na kosa. Tulikuwa Kikoneni, mimi nikapita kando ya kaya, msitu mtakatifu wa wazee wetu, nikaona kichaka chenye majani madogo madogo, kila tawi ni mti mzima kwa kipimo cha meza yetu. Nawe ulikuwa umenisumbua juu ya miti. Najua, na kila aliyenyonya ziwa la Kidigo anajua, kwamba ndani ya kaya hutoi kitu, hata kijiti kikavu kilichoanguka chenyewe. Nikajiambia hiki kiko ukingoni, na isitoshe ni kwa ajili ya mtoto. Nikakata mafungu mawili.

Bibi yako alipokuja kututembelea aliinama mezani, akasifu miwa, akasifu daraja. Kisha akagusa mti mmoja kwa ncha ya kidole.

"Hamisi, huu umeutoa wapi?"

Ilinibidi niende kwa wazee na mbuzi, na ile miti niirudishe mmoja mmoja pale pale nilipoikata, wakati mzee mmoja mwenye umri wa mjukuu wa Nuhu ananihesabia kwa sauti. Waliniuliza nilikuwa naitaka ya nini. Nikawaambia ni ya kupamba reli ya mezani. Walitazamana, mwanangu, wakashindwa kukasirika.

Lakini wewe ulilia kuliko mimi. Ulisema Kikoneni bila kaya si Kikoneni, na kaya huwezi kuitengeneza mezani kwa kuwa kaya si ya kuchezea. Ukakaa siku nzima. Mwisho ukaacha pale mahali patupu, duara la mchanga lisilo na kitu, na reli ukanilazimisha niipinde ipite mbali. Wageni huuliza kwa nini pale hapakumalizwa. Sisi tunajua kwamba pale ndipo palipomalizwa vizuri kuliko kote. Ukichora ramani huko uendako, utaambiwa ujaze kila pembe. Sikufundishi kazi, ila ukumbuke lile duara.

Wiki ya Uhuru ulichora bendera mbili kubwa kuliko stesheni zenyewe, ukazipachika, na injini ikawa haiwezi kupita bila kuzigonga. Nikataka kuzikata ziwe na kipimo sahihi. Ukaniambia, "Zikatwe leo, Baba? Ngoja angalau wiki iishe." Zipo mpaka leo, na gari likipita zinaliinamia.

Naandika porojo, najua. Nazunguka kama gari letu. Narudi kwenye jambo langu.

Baada ya muda walinirudisha kwenye injini. Mutua hajakusimulia sehemu hii, kwa hisani yake. Sikuwa mtu yule yule. Siku ya kwanza nilikuwa stesheni ya Shamba, nimejaza miwa, na pete ninayo mkononi, njia ni yangu kabisa. Sikuondoka. Nilishuka nikakagua magurudumu. Nikapanda. Nikashuka tena nikatazama pinda, nikatega sikio. Nikajiambia, ngoja kidogo, pengine kuna kosa limefanyika, pengine kuna mtu njiani. Jua likapanda. Miwa iliyokatwa haingoji, huanza kuchacha ikisimama juani. Kule kiwandani mashine zimesimama, watu wamekaa, na Mutua ameshika gari tupu hawezi kutoka kwa sababu pete ninayo mimi. Nilidhani najichunga, kumbe nimewafunga wote.

Mwisho alikuja kwa miguu, njia nzima, juu ya mataruma. Nilimngoja anitukane. Akakaa kando yangu kwenye ngazi ya injini, akajifuta jasho.

"Siku ile ulienda bila pete," akasema. "Leo uko na pete na hauendi. Hamisi, sasa mimi nishike ipi?"

Nikamwambia naogopa.

"Ogopa ukienda," akasema. "Pete si ya kukalia."

Akapanda nami. Nililiendesha lile gari machozi yananitoka, na yeye akajifanya anatazama miwa upande wa pili. Tangu hapo nimemwita ndugu, na kila Krismasi yake mama yako humpelekea pilau, na kila Idi yetu yeye huleta mbuzi hai anayekula nguo zetu.

Ndilo hilo nililotaka kukuambia, Siti. Mimi nimekosea njia zote mbili. Nimekwenda pasipo ruhusa, na nimekaa nikiwa na ruhusa. Wengi watakuonya juu ya kosa la kwanza, watakuambia usikimbilie, tahadhari, mji ni mkubwa. Lile la pili hawalitaji kwa sababu linafanana na adabu njema. Mtoto anayebaki nyumbani kwa ajili ya baba yake husifiwa. Lakini njia hiyo umepewa wewe, na ukiikalia hapa, mimi nitakuwa kiwandani na gari tupu, nakutazama, na sitaweza kutoka wala kuingia. Usinifanyie hivyo kwa kunipenda. Mimi kununa nitaacha. Nimekwisha kuacha, nadhani tangu ukurasa uliopita.

Kesho ukiwa kwenye gari la moshi la Mombasa hadi Nairobi, kaa upande wa dirisha. Mkikaribia stesheni gari litapunguza mwendo, na utamwona mtu amesimama kando ya reli amenyoosha mkono, ameshika pete. Dereva ataipokea huku gari linakwenda. Wenzako watakuwa wanatazama twiga. Wewe utajua kilichotokea: ameambiwa njia ni nyeupe, apite.

Sasa habari ya meza. Waijua pete ya reli yetu ilivyo. Ni ile bangili yako ya shaba ya utotoni, iliyokataa kupita mkononi ulipofika miaka mitatu, na baadaye ukaitoa mwenyewe iwe pete ya njia. Tangu hapo wewe Shamba na mimi Kiwandani, na hakuna gari lililoondoka bila bangili kupita mkono kwa mkono. Hata ulipokuwa na homa ya mbu, ulinitaka nije nayo kitandani kwanza.

Nimefikiri sana nifanye nini nayo. Nikibaki nayo, wewe utaondoka mikono mitupu. Nikikupa, reli itasimama. Nilitaka kuchonga ya pili, nikajizuia, kwa sababu pete mbili kwa njia moja ndiko kugongana kwenyewe. Jana nikamweleza mama yako. Miaka yote hii ameiita meza hii "vibati vyenu" na hajapata kuigusa ila kwa ufagio. Alikuwa anapeta mchele, hata hakuinua uso. Akasema, "Kwani njia imeandikwa iishie Ramisi? Mpe. Gari likae Shamba lingoje."

Kwa hiyo bangili iko ndani ya begi lako, imefungwa kwenye soksi ya kushoto. Gari nimelipakia miwa, nimelisimamisha stesheni ya Shamba, uso wake umeelekea nyumbani. Mimi nitabaki nikipanga mabehewa uani mwa kiwanda, maana huko sheria haiulizi pete. Kazi ninayo, usinihurumie. Mutua amesema atakuja Jumapili baada ya kanisa kunisahihisha. Njia kuu nitaipangusa vumbi, sitaipitisha kitu. Utakapokuja likizo utanikabidhi bangili mkononi, na gari litaingia. Mama yako auliza, je ukiolewa huko huko? Nikamwambia mumeo naye atakuja, kuna miwa ya kupakia.

Nilitaka kumalizia hapo. Nimeinua mkono kuchukua wino, nikaangusha minazi yote iliyobaki, na nilipoinama kuiokota nimeona kitu kwenye stesheni ya Kiwandani ambacho jana hakikuwapo. Ni kisanamu cha mwanamke, urefu wa kidole, cha kijiti na pamba. Amevikwa kipande cha leso, na leso ile naijua, ni ile nyekundu ya mama yako ambayo ameniambia imepotea. Amesimama ukingoni kabisa mwa reli, ametazama upande wa Shamba.

Sikumweka mimi. Nimemsogeza nyuma kidogo, gari lisije likamgonga siku hiyo litakapoingia.

Nenda, mwanangu. Pete unayo.

Babako,
Hamisi